Nilibadilisha mazabodi, ndipo nikajua leseni zangu zilikuwa mikononi mwa nani

Usiku ule umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Machi 2024, mvua ya radi imepiga Dodoma tangu alasiri, nami nimebaki ofisini kwangu Majengo nikimalizia hesabu za mteja. Uliporudi mara ya tatu nilisikia mlio mmoja mkavu chini ya meza, kisha ikaja harufu. Aliyewahi kuunguza waya wa pasi anaijua. Kompyuta haikuwaka tena.

Mimi ni mtunza hesabu. Wateja wangu si wengi: duka la vifaa vya ujenzi Nzuguni, nyumba ya wageni Area C, kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo, na wengine wadogo wadogo. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 20. Kwa hiyo kompyuta ilinifia mikononi zikiwa zimebaki siku saba, na ndani yake mna vitabu vya watu ambao wamenikabidhi biashara zao kwa kuniamini. Yaliyofuata yalinigharimu pesa nyingi na usingizi mwingi zaidi, na karibu yote ningeyaepuka kama ningejua mambo machache mapema. Ndiyo maana nayaandika.

Asubuhi fundi alikuja na bisibisi zake. Akafungua kasha, akapuliza vumbi letu hili jekundu, akanionyesha kwa kidole: kapasita mbili karibu na prosesa zimetuna juu kama maandazi yaliyoumuka, na moja imevuja kitu cha kahawia.

"Mama, mazabodi imekwenda, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Lakini diski yako nzima, usiogope."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kichwani mwangu diski ikiwa nzima basi kila kitu changu kizima, maana mafaili yako humo, programu ziko humo. Mafaili, ndiyo. Leseni za programu ni habari nyingine kabisa.

Fundi alinipa njia mbili. Ya kwanza, kuagiza Kariakoo mazabodi ya aina ile ile ya kompyuta yangu, shilingi 240,000, ipakiwe kwenye basi, nisubiri siku tatu au nne. Ya pili, kuchukua mazabodi ya aina nyingine aliyokuwa nayo dukani kwake, 190,000, na jioni hiyo hiyo nifanye kazi. Nilichagua ya pili nikijiona nimeokoa 50,000 na siku tatu. Hata saa mbili hazikupita akanipigia simu: kompyuta yangu ni ya kampuni kubwa, kasha lake na pawa saplai yake vimetengenezwa kwa vipimo vya kampuni hiyo, mazabodi ya kawaida haikai wala plagi za umeme hazilingani. Ikabidi ninunue kasha na pawa saplai, 85,000. Hapo tayari nilikuwa nimeipita bei ya ile ya Kariakoo, na shida yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Jioni aliiwasha mbele yangu. Badala ya picha ya mwanangu niliyoizoea, skrini ikawa ya buluu, imeandika inataka namba ya kufungulia diski, tarakimu 48.

Mwaka mmoja kabla, mtoto wa kaka yangu anayesoma mambo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma alinishauri nifunge diski kwa BitLocker, kufuli la siri lililomo ndani ya Windows, kwa kuwa nimebeba hesabu za watu na kompyuta huibwa. Alinifungia mwenyewe. Sikujua kuwa siri ya kuifungua kila asubuhi hukaa kwenye kifaa kidogo kiitwacho TPM, na TPM iko kwenye mazabodi. Mazabodi mpya haina siri hiyo. Haiijui diski yako, na diski haiijui mazabodi hiyo, kwa hiyo inadai ile namba ndefu ya akiba.

Mikono ilinitetemeka, nasema kweli. Nilimpigia kijana. Akauliza, "Shangazi, ile karatasi niliyokuprintia, uliiweka wapi?" Nikakumbuka bahasha ya kaki ninayotunzia cheti cha TIN na leseni ya biashara. Niliitoa, nikamwaga vyote mezani, na karatasi ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Makundi manane ya tarakimu sita sita. Nilisoma kwa sauti, fundi akaandika, tukarudia kundi la tano mara mbili kwa sababu 6 ilikuwa imeangukia kwenye mkunjo na kuonekana kama 8. Diski ikafunguka. Kama karatasi ile isingekuwepo, hapana fundi wa Dodoma wala wa Dar es Salaam ambaye angenifungulia. Ukiwa umefunga diski yako, au kompyuta yako imejifunga yenyewe (mpya nyingi hujifunga unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na namba ya akiba huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo), itafute hiyo namba leo, uiandike, uitoe nje ya kompyuta. Na kama kompyuta bado inawaka, sitisha BitLocker kwanza ndipo fundi aguse kitu.

Tulipoingia ndani nilikuta maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini kulia yakinitaka niiamilishe Windows, yaani nithibitishe kuwa nina leseni yake. Kwenye mipangilio yakatokea maelezo kwamba hakuna namba ya leseni iliyopatikana kwenye kifaa hiki, yamefuatana na namba ya kosa 0xC004F213.

Fundi hakushtuka. "Hiyo ndogo, mama. Nakupigia kreki, programu ya kuruka leseni, elfu kumi tu, nazima antivairasi dakika tano inaisha." Nilikataa. Sikukataa kwa kuwa nina ujuzi. Neno "nazima antivairasi" ndilo lililonichoma: nizime ulinzi wa kompyuta yenye mishahara na mauzo ya watu, niingize kitu ambacho sijui kimeandikwa na nani? Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na mimi ndiye ninayewaambia wateja wangu wafuate sheria.

Lakini siku iliyofuata nikafanya kosa lililo karibu sawa na hilo. Niliona tangazo kwenye kundi la WhatsApp, mtu anauza namba za leseni "orijino" kwa 25,000. Nikalipa kwa simu, nikatumiwa herufi na tarakimu 25, nikaziingiza, maandishi ya kijivu yakatoweka. Nililala vizuri usiku huo.

Jumamosi kijana akaja kutoka chuoni. Aliandika amri moja fupi, slmgr /dli, kikatokea kisanduku kidogo. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja uliokuwa na neno VOLUME_MAK. Akanieleza taratibu kwamba leseni za Windows zina njia tatu kubwa za kuuzwa. Ipo inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, hiyo huandikwa OEM. Ipo ya rejareja, RETAIL, anayonunua mtu mmoja mmoja. Na ipo ya jumla, VOLUME, ambayo huuzwa kwa taasisi na makampuni kwa mkataba ili waweke kwenye mashine zao nyingi. Namba niliyouziwa ilikuwa ya jumla. Kuna taasisi mahali fulani duniani ambayo namba yake imevuja au imeuzwa na mtu asiye na haki, na siku Microsoft ikiizuia, maandishi ya kijivu yanarudi. Niliiondoa siku hiyo hiyo. Yule muuzaji nilipomwandikia alinizuia nisimpate tena kwenye simu.

Nikamuuliza kijana swali lililokuwa likinisumbua: mbona Windows yangu ya mwanzo ilikuwa halali? Kompyuta niliinunua mtumba, imetoka Uingereza, na miaka yote haikuwahi kunidai chochote.

"Ilikuwa halali, shangazi. Ila hati imeandikwa jina la nyumba, haijaandikwa jina lako. Nyumba imeungua, hati imeungua nayo."

Sisi wa Dodoma tumeishi na habari za viwanja na hati, nikamwelewa mara moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta za makampuni makubwa hubeba namba ya leseni ndani ya chipu ya bayosi, ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, kwenye mazabodi yenyewe. Fundi alipoitupa mazabodi kwenye boksi la vyuma chakavu, namba yangu ilikuwa imelala humo. Na tangu Windows 10 ya mwaka 2015, Microsoft nayo huweka kwenye mitambo yake kumbukumbu ya mashine kwa kuangalia vifaa vilivyomo, na kifaa kinachohesabiwa zaidi ni mazabodi. Badilisha diski, ongeza memori, hutasikia kitu. Badilisha mazabodi, kwao hiyo ni kompyuta nyingine.

Kisha akanieleza jambo lililoniuma kuliko yote. Masharti ya leseni hizi za kiwandani yanaruhusu mazabodi iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine ya aina ile ile, au ile ambayo mtengenezaji huyo huyo anaitoa kama mbadala wake, bila kununua leseni mpya. Mazabodi ya Kariakoo, ile ya 240,000 niliyoikataa kwa haraka, ndiyo ingenibakiza ndani ya haki yangu. Mtu akikuletea bei mbili za mazabodi, mwulize kwanza ipi ni ya aina ile ile ya kompyuta yako. Usianze na bei.

Ingekuwa leseni yangu ni ya rejareja, mambo yangekuwa mepesi. Hiyo inaruhusiwa kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, mradi usiitumie kwenye mbili kwa pamoja. Na kama umeifungamanisha na akaunti yako ya Microsoft kabla ya ajali, unaingia kwenye mipangilio ya uamilishaji, unafungua kitatuzi cha matatizo, unachagua kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, unaonyesha kompyuta yako kwenye orodha, yamekwisha. Mimi nilikuwa natumia akaunti ya ndani ya kompyuta tu, haijafungamanishwa na kitu. Kufungamanisha ni kazi ya dakika mbili ambayo sikuifanya miaka yote.

Mwishowe nilinunua leseni ya rejareja ya Windows Pro kwa Microsoft wenyewe, karibu dola 200, ambazo kwa siku ile zilinitoka kama shilingi 510,000. Nilichagua Pro kwa ajili ya BitLocker. Kwa asiyeihitaji, Home wakati ule ilikuwa dola 139. Ni pesa nyingi kwa ofisi ya mtu mmoja, niliilipa kwa uchungu, lakini hiyo sasa imeandikwa jina langu.

Tena sikuwa na sababu ya kukimbia vile. Windows isiyoamilishwa haikufungii mlango. Inakuwekea maandishi kwenye kona na kukunyima kubadilisha picha na rangi, lakini mafaili yanafunguka, intaneti inafanya kazi, printa inachapa. Siku mbili nzima nilizopoteza kuhangaikia leseni ya Windows ningeweza kuziweka kwenye kazi ya wateja, nikanunua leseni kwa utulivu baada ya tarehe 20. Hofu ndiyo iliyonipeleka kwa yule muuzaji wa WhatsApp.

Shida kubwa ilikuwa programu ya uhasibu.

Hiyo ndiyo jiko langu. Niliinunua mwaka 2021 kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, malipo ya mara moja. Nilipoifungua kwenye mazabodi mpya iliniambia leseni hii imeamilishwa kwenye kompyuta nyingine, nendeni mkaiachilie huko kwanza. Kuiachilia maana yake ni kuingia kwenye programu ukiwa kwenye kompyuta ya zamani, ubonyeze mahali pa kuirudisha leseni kwa wenyewe, ndipo uichukue upya. Kompyuta ya zamani ilikuwa boksi la vyuma. Njia nyingine ilikuwa kuomba waifute kwa kutumia barua pepe iliyoandikishwa wakati wa kununua. Nikaweka barua pepe yangu. Haitambuliki. Nikaweka ile ya zamani. Haitambuliki.

Nilimtafuta wakala. Simu yake haipatikani. Nilipata mtu aliyefanya naye kazi, akaniambia biashara ile ilifungwa, na kwamba walikuwa na desturi ya kuandikisha leseni za wateja wote kwa barua pepe ya ofisi yao "ili iwe rahisi kuwahudumia". Nilikaa kimya na simu sikioni. Miaka mitatu nilikuwa nimelipia kitu na nikakitumia kila siku, na kwenye vitabu vya wenye programu mwenye nacho ni mtu mwingine, kwa barua pepe ambayo hakuna anayeifungua tena.

Nakala za akiba nilikuwa nazo, kila Ijumaa naweka kwenye fleshi. Lakini nakala ya programu ile haifunguki bila programu yenye leseni. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 18.

Nikarudi kwenye karatasi. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, hutoa kila siku ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku hiyo, na wateja wangu nimewazoesha kunipa zote zikiwa zimebanwa kwa mwezi. Nililala ofisini usiku wa Jumatatu na wa Jumanne nikiwa na kikokotoo na faili la kawaida la jedwali, nikijumlisha mauzo Z moja baada ya nyingine, kisha risiti za manunuzi. Karatasi zile ni za joto, na joto la Dodoma haliziachi salama. Za duka la Nzuguni, ambazo hukaa kwenye droo chini ya bati, zilikuwa zimefifia nikalazimika kuziinamisha kwenye taa ya simu kusoma tarakimu za mwisho. Kaka wa dukani hakunilaumu hata kidogo, aliniletea chapati na chai ya chupa saa nne usiku. Ritani zote tatu ziliingia kwenye mfumo tarehe 20 mchana. Tangu hapo kila Z ninayopokea naitoa kopi siku hiyo hiyo.

Leseni ya uhasibu niliipata kwa kuwaandikia wenye programu moja kwa moja. Walitaka uthibitisho kwamba mimi ndiye niliyelipa. Risiti ya EFD ya mwaka 2021 yenyewe ilikuwa karatasi nyeupe, haina kitu. Kilichoniokoa ni kopi yake, niliyoipachika kwenye hesabu zangu za mwaka ule kwa sababu ya mazoea ya kazi, ikiwa na TIN yangu juu yake. Nilituma kopi hiyo, cheti cha TIN, na barua ya kueleza kwamba mazabodi imeungua, na maneno mawili matatu ya fundi yenye sahihi. Ilichukua siku tisa. Hawakunitoza.

Kwa hiyo ukinunua programu yoyote ya kulipia, simama pale pale wakati inaandikishwa. Iandikwe barua pepe yako, ambayo wewe ndiye unayejua nywila yake, na namba ya simu ambayo laini yake ni yako. Wakala akisema atakusaidia kwa kutumia yake, mkatalie kwa upole. Dai risiti yenye TIN yako, uitoe kopi. Na uulize swali moja kabla ya kulipa: kompyuta hii ikifa ghafla bila kuwaka tena, leseni naipataje? Asiyeweza kukujibu hilo, usimpe pesa yako bado.

Office ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko zote. Ile ya kununua mara moja imefungwa kwenye akaunti ya Microsoft, ukiingia kwenye akaunti unaiweka upya. Ila nywila nilikuwa nimeisahau na namba ya simu iliyoandikwa humo nilishaipoteza. Nilikuwa na barua pepe ya pili, nikapita kwa hiyo. Ningekuwa sina, ningelazimika kubadilisha taarifa zote za usalama, na hapo Microsoft hukusubirisha siku 30.

Nilipiga hesabu mwishoni mwa mwezi, kama ninavyowapigia wengine. Mazabodi, kasha na pawa saplai 275,000. Ufundi 30,000. Namba ya WhatsApp 25,000. Windows 510,000. Jumla 840,000. Njia ya Kariakoo ingekuwa 270,000 pamoja na ufundi. Baadaye niliongeza UPS, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ambayo nilikuwa nikiiahirisha tangu nifungue ofisi.

Ujumbe wa leseni ya uhasibu uliingia asubuhi, nikiwa na mwenyekiti wa kikundi cha Hombolo mbele yangu, amekuja kuchukua hesabu zake za Februari. Nilimwomba radhi nikaufungua. Juu kabisa, mahali pa mmiliki, palikuwa na jina langu na barua pepe yangu. Niliuchapa, nikatoa bahasha ya kaki, nikaukunja pamoja na ile karatasi ya tarakimu 48, ambayo sasa nimeandika upya kundi la tano kwa kalamu nyekundu pembeni ya mkunjo.

"Na ile kompyuta yetu ya kikundi," mzee akauliza, "yenyewe imeandikwa jina la nani?"

Nikamwambia ailete Jumatatu.